Saa Nane Si Saa ya Hadithi

Jumatatu, 6 Mei 1996
Nimerudi Mbita na mvua imenipokea. Sanduku limefika salama, ila sukari yote imelowa.
Kabla sijaondoka Ntimaru, Baba aliniita kwenye lango la zizi. "Scovia, huu uwe muhula wa mwisho huko. Shule hata hapa kwetu zipo. Mtoto wa mtu atakaa kwa watu wa ziwa mpaka lini?" Baba si mtu wa kujibizwa akiwa na fimbo ya ng'ombe mkononi. Baadaye Mama aliniambia kwamba Baba hajasema neno la mwisho. Nalishikilia hilo. Niko kidato cha tatu, na nataka kumalizia cha nne hapa hapa.

Alhamisi, 9 Mei
Mwalimu Elkanah, anayetufundisha Kiswahili na fasihi, ametutangazia jambo kubwa. Jumamosi ya tarehe 20 Julai mji huu utakuwa na Tamasha la Sanaa na Vitabu. Ni la kwanza. Asubuhi kutakuwa na mazungumzo ukumbini, mchana hadithi, kisha wageni kutoka Kisumu na Homa Bay watapelekwa ziara: ufuo, karakana ya boti, na mzunguko mfupi majini. Anataka wasichana wawili wa kuongoza ziara hiyo. Akamtaja Dolphine, mzaliwa wa hapa. Halafu akanitaja mimi.
"Mwalimu!" Dolphine akasimama. "Huyu ni nyar Ntimaru, binti wa milimani. Maji ameyaona kwenye karai."
Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha kweli, lakini masikio yalikuwa yakiniwaka moto.
"Scovia anasema Kiswahili ambacho mgeni atakielewa," Mwalimu akasema. "Ziwa atajifunza. Muda upo."
Nimemwandikia Baba aje siku hiyo. Akinisikia nikiongoza watu wazima, huenda akabadili nia.

Jumapili, 12 Mei
Mvua. Kanisani bati lilipiga kelele hata mahubiri hatukuyasikia.

Jumamosi, 18 Mei
Nimekwenda karakana ya Fundi Maxwell, anayeunda boti karibu na ufuo. Alikuwa akishindilia nyuzi za pamba katikati ya mbao ili maji yasipenye.
"Mkuria na boti!" akasema. "Nikingoja kidogo nitawaona samaki wakipanda Ntimaru kuchunga mbuzi."
"Wakija tutawapokea, Fundi. Kwanza nieleze hiyo pamba."
Alinieleza mpaka nikachoka kuandika. Nilimwuliza pia kuhusu magugu maji, yale majani ya kijani yanayoelea na kuufunga ufuo hata mtumbwi usiweze kupita. Mwaka huu yamezidi. "Mchana upepo unatoka ziwani, unayaleta," akasema. "Giza likiingia unageuka, unatoka nchi kavu, unayarudisha. Usigombane nayo. Ngoja tu."

Jumanne, 28 Mei
Magugu yaliingia mchana. Asubuhi hayapo.

Jumamosi, 8 Juni
Leo Mwalimu Elkanah alitupeleka mimi na Dolphine kumwalika msimulizi. Ni Mama Phelesia, nyanya yake Dolphine, na anakaa mwinuko wa nyuma ya soko la samaki. Zamani alikuwa akipeleka samaki wakavu Migori na kupanda nao mpaka Ntimaru. Kiswahili chake ni cha sokoni, hakina adabu nyingi lakini kinafika. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.
"Wewe ni wa kule juu. Mbona mwembamba hivi? Ng'ombe wote wamekufa?"
"Wapo, Mama."
"Wapo, na maziwa anakunywa nani?"
Mwalimu alimwomba aje kwenye tamasha atusimulie hadithi za ziwa. Akasema, "Nitakuja. Nani anakataa sherehe?" Tukashukuru, tukatoka. Hakuna aliyetaja saa.
Sikumpenda sana.

Jumatano, 19 Juni
Mazoezi. Dolphine anasema natembea mbele ya watu kama karani wa sensa. Namwacha aseme.

Jumatano, 26 Juni
Programu imetoka, bado inanuka wino. Jina langu liko chini: *Saa tisa, ziara, viongozi Scovia Masese na Dolphine Akoko.* Juu yake: *Saa nane mchana, Hadithi za Ziwa, Mama Phelesia.* Nimepeleka nakala moja posta kwa Baba.

Jumamosi, 29 Juni
Siku mbaya. Tulimpelekea Mama Phelesia programu. Alikuwa anachambua omena, dagaa wa ziwa, akamwambia Dolphine asome. Dolphine akasoma. Mama akaacha kuchambua.
"Saa nane ya usiku?"
"Mchana, Dani," Dolphine akasema. Dani ni bibi kwa Kijaluo.
"Mchana mimi sisemi hadithi."
"Lakini Dani, ni tamasha."
"Na tamasha litaliambia jua litue? Hadithi ya mchana inadumaza watoto. Unataka wajukuu wangu wabaki hapa?" Akapiga goti lake kuonyesha urefu.
Nikaingilia. "Mama, kwenye mashindano ya shule sisi husimulia saa nne asubuhi, na hatujadumaa."
"Ile ni hadithi? Ile ni hii." Akasimama, akatumbua macho, akarusha mikono kulia na kushoto kama mtu anayefukuza nyuki. Alituiga sawasawa kabisa. Dolphine akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Naona ni ukaidi tu. Mji mzima unajiandaa, na mtu mmoja anauharibu kwa ajili ya jua.

Jumatatu, 1 Julai
Mwalimu Elkanah alisikitika, akajilaumu kwa kutouliza. "Tumezoea matamasha ya shule," akasema. "Nimepanga saa bila kufikiri." Lakini programu imeshachapwa, na boti ya wageni itaondoka saa kumi. Mama Phelesia asipokubali, hadithi ya saa nane atasimulia Millicent.
Millicent ndiye mfupi kuliko wote darasani. Akasimama akasema, "Mwalimu, nilisimulia mchana nikiwa kidato cha kwanza. Niangalieni." Hata Mwalimu alishindwa kujizuia.
Jibu la Baba limefika. Atakuja tarehe ishirini. Mstari wa mwisho unasema: *Tutazungumza hapo hapo kuhusu kurudi nyumbani.*

Jumanne, 2 Julai
Sijalala vizuri.

Jumapili, 7 Julai
Leo nilikuwa nafua, na nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilikuwa mdogo, tunapukuchua mahindi na bibi yangu kule Ntimaru, jua la utosi. Nikamwomba hadithi. Akanipiga kidogo mkononi kwa gunzi. "Unataka ng'ombe wa baba yako wapotee? Ngoja giza." Nami nikangoja. Niliangalia jua mchana kutwa kama mtu anayechemsha maharagwe. Sikumwona bibi kuwa mkaidi. Niliona hadithi ni kitu cha kungojewa.
Kwa nini basi Mama Phelesia nimwite mkaidi?
Niliacha nguo kwenye beseni, nikamtafuta Dolphine, tukaomba ruhusa, tukaenda. Nilimwambia Mama Phelesia habari ya gunzi. Akacheka mpaka akajifuta macho.
"Kumbe kule juu pia mna akili."
"Mama, nisamehe. Nilikusemea vibaya moyoni."
"Moyoni si kitu. Dolphine ananisemea vibaya mdomoni." Akanisogezea kigoda. "Sikiliza, nyathina, mtoto wangu. Mchana nitakuja. Nitawapa habari: nilivyobeba samaki, nilivyonyeshewa, nilivyodanganywa Migori. Habari ni za mchana. Lakini hadithi, mtu anakuja kwangu, jua limezama, anaketi chini. Na akisikia, na yeye anatoa. Kwangu mtu hasikii bure."
Tulipokuwa tukirudi, karibu na lango la shule, Dolphine akasema, "Unajua mimi nikisimama mbele ya watu ulimi unakufa? Kucheka watu naweza. Kuwaongoza siwezi."
"Basi nitaongea mimi. Dani akisema Kijaluo, utanitafsiria sikioni."
"Sikioni nitaweza."
Sikujua. Muhula mzima nilidhani ananidharau.

Jumatano, 10 Julai
Nimezungumza na Mwalimu. Amekubali kwamba saa nane Mama Phelesia atoe habari tu. Kuhusu hadithi ya jioni alisema, "Wageni wana boti yao, Scovia. Siwezi kuwafunga kamba."
Ni kweli. Lakini nimesikitika.

Jumamosi, 13 Julai
Magugu saa tisa. Giza lilipoingia yakaenda.

Jumatatu, 15 Julai
Vivyo hivyo.

Alhamisi, 18 Julai
Vivyo hivyo, ila leo upepo ulikuwa na nguvu zaidi. Fundi Maxwell anasema hali hii itaendelea wiki nzima. Nimefanya ziara peke yangu mara mbili, nikiwaeleza mbuzi wa sokoni habari za pamba na mbao. Walisikiliza vizuri. Niko tayari.

Jumapili, 21 Julai
Jana sikuweza kuandika. Nitaandika yote leo.

Baba alifika asubuhi kutoka Homa Bay, alikolala kwa ndugu yake. Alivaa koti lake la harusi na Jumapili, akabeba fimbo. Nilimsalimu kwa heshima, akaniitikia kwa kichwa tu. Aliketi safu ya nyuma kabisa ukumbini.

Mazungumzo ya asubuhi yalikuwa marefu. Mgeni mkuu, Bwana Monari, anayesimamia mambo ya vitabu Kisumu, alitueleza jinsi vitabu vinavyotengenezwa. Nilimsikiliza kwa makini, lakini nusu ya sikio langu ilikuwa nje, kwenye upepo.

Saa nane Mama Phelesia alipanda jukwaani na gauni la kanisani na kitambaa kipya. Akasimulia mvua iliyomkuta njiani na kikapu cha samaki kichwani, na mteja wa Ntimaru aliyenusa kila samaki, mmoja mmoja, halafu akanunua chumvi. Niligeuka. Baba alikuwa akitabasamu chini kwa chini. Kisha Mama akasema, "Hiyo ilikuwa habari. Hadithi iko nyumbani," akashuka. Watu wakapiga makofi. Bwana Monari akasema, "Amekatiza pazuri!" na kuandika kitu.

Saa tisa ziara ikaanza. Nilitangulia, Dolphine ubavuni mwangu, wageni kumi na zaidi nyuma, Baba wa mwisho. Tulipofika ufuoni hapakuwa na maji. Palikuwa na shamba. Magugu yalikuwa yamejaa mpaka mbali, na boti ya wageni imekwama katikati yake kama imepandwa pale. Mwendesha boti alikuwa juu yake na kasia, anasukuma, hasogei.

"Hii ni nini?" Bwana Monari akauliza. Akatazama saa yake, akamtazama Mwalimu Elkanah. "Mwalimu, tulisema saa kumi. Mbona hamkutuambia?"

Wageni wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema ndiyo maana watu hawaji sehemu hizi. Baba alikuwa ameegemea fimbo yake, ananitazama mimi. Hakuwa akimtazama mwingine yeyote. Nikajua kwamba nikinyamaza, nimerudi Ntimaru.

"Bwana Monari," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Boti haitatoka kabla ya giza. Upepo huu unatoka ziwani. Giza likiingia utageuka na kuyaondoa magugu, na mtavuka salama. Imekuwa hivyo wiki nzima, nimeangalia mwenyewe. Mpaka hapo mko kwenye ziara yangu, na ziara haijaisha."

"Wewe ni mtoto wa wavuvi?"

"Hapana, Bwana. Baba yangu anafuga ng'ombe. Yule pale."

Wote wakageuka. Baba akasimama wima.

"Anasema kweli huyo," Fundi Maxwell akapaza sauti kutoka karakana. "Nilimfundisha mimi. Kabla ya hapo alikuwa hajui boti na birika."

Watu wakacheka, na pale ndipo mambo yalipolegea. Nikamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, mzunguko wa majini haupo. Naomba muda wake tuutumie kwa Mama Phelesia, jua likizama."

Mwalimu Elkanah alinitazama kidogo. "Kiongozi wa ziara ni wewe," akasema. "Ongoza."

Basi nikaongoza. Kwa Fundi Maxwell kila mgeni alishindilia pamba kwa mkono wake, Bwana Monari akijipiga nyundo kidole na kukataa kukubali kwamba imeuma. Nikawapitisha kwenye vichanja vya omena, kisha taratibu mwinuko ule, nikisimama kila mahali penye jambo la kueleza, na pengine pasipo na jambo, ili jua litutangulie.

Mama Phelesia alikuwa ametandika mikeka. Alikuwa ametandika mapema, nadhani alisikia upepo. Lakini hakuturuhusu kuingia. "Bado kipande," akasema, akionyesha kipande cha jua kilichobaki juu ya ziwa. Watu wazima na suti zao walisimama uani wakingoja kama watoto. Jua lilipokwisha akasema, "Karibuni. Viatu nje. Hata wewe wa suti."

Alitusimulia kwa Kijaluo. Dolphine alininong'oneza, nami nikasema kwa Kiswahili. Ilikuwa hadithi ya kiboko aliyekuja kuposa, akakataa kucheka muda wote wa posa ili meno yasionekane, mpaka mdogo wake bibi harusi akamtekenya. Katikati ya hadithi Dolphine alisahau kunong'ona. Alikuwa anasema kwa sauti, mbele ya watu wote, na mikono yake imetulia. Mimi nikanyamaza, nikamwachia. Mwishoni watu wa hapa wakaitikia pamoja, "Thu tinda!" kufunga hadithi, na kila mmoja akajiombea arefuke kama mti wa kwa mjomba wake. Millicent aliitikia kuliko wote.

Kisha Mama Phelesia akaelekeza kidole mlangoni.

"Wewe mwenye fimbo. Wewe wa Ntimaru. Umesikia. Sasa toa."

Baba hasemi mbele ya watu. Hata kwenye vikao vya ukoo husema neno moja na kuketi.

"Mama, mimi Kiswahili changu ni kidogo," akasema.

Mama Phelesia akamjibu kwa Kikuria. Kilikuwa Kikuria cha sokoni, kilichovunjika kila mahali, lakini kila mtu wa kwetu angekielewa: sema kwa lugha yako, mtoto wako yupo.

Baba akanitazama. Nikasogea, nikaketi karibu na goti lake kama nilivyokuwa nikiketi kwa bibi.

Akaanza. Fisi mmoja aliazima ngozi ya ng'ombe, akaivaa, akaingia zizini jioni na ng'ombe wengine ili usiku ale ndama. Nikatafsiri. Akapata sauti. Usiku ule mwenye boma alilala zizini, kwa hiyo fisi hakupata nafasi, akabaki amesimama mpaka asubuhi akijifanya kucheua. Baba akacheua. Baba yangu, na koti lake la harusi, alicheua mbele ya Bwana Monari! Nilicheka hata nikasahau kutafsiri, na watu wakanipigia kelele, "Sema! Sema!" Kulipokucha mama mwenye boma akaja na kibuyu chake, akachuchumaa chini ya fisi, akanyoosha mkono kumkamua...

"Magugu yametoka!" Fundi Maxwell akaita kutoka chini. "Wageni! Njia iko wazi, upesi!"

Hakuna aliyeinuka.

"Na fisi je?" Bwana Monari akauliza.

"Boti, Bwana," Mwalimu akasema.

"Najua boti. Nauliza fisi."

Lakini mwendesha boti hakutaka kuchelewa zaidi, ikabidi waende. Waliteremka mwinuko wakibishana fisi alifanya nini. Bwana Monari alinipa mkono, akampa Dolphine, akampa Baba, akasema mwakani atakuja kulala hapa hapa ili mtu asimkatize. Baba alipotaka kunimalizia hadithi mimi tu, Mama Phelesia akamzuia kwa mkono.

"Hapana. Thu tinda haijasemwa. Hadithi iliyoanzwa kwangu inamaliziwa kwangu, na wote wakiwepo."

Hayo yalikuwa ya jana. Leo asubuhi nilimsindikiza Baba mpaka barabarani. Ziwa lilikuwa jeupe na safi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia kuhusu shule, nikayapanga tena, lakini yeye akanitangulia.

"Muhula wa tatu unafungwa lini?" akauliza.

"Novemba, Tata." Tata ni baba kwa Kikuria.

"Nitakuja Novemba. Hadithi nimeiacha katikati, ni aibu." Akatembea kidogo. "Uwe hapa unitafsirie."

"Nitakuwepo."

"Na yule mama akisimulia nyingine, nitadaiwa nyingine."

"Ndivyo alivyosema, Tata. Kwake mtu hasikii bure."

"Hiyo itanipeleka mpaka mwakani," akasema, kana kwamba analalamika. Akahamisha fimbo mkono wa pili ili anishike bega. "Kidato cha nne si ndiyo mwakani?"

"Ndiyo, Tata."

"Haya."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilisema kitu cha kwanza kilichonijia. "Tata, yule mama alipomkamua fisi, ikawaje?"

Alisimama. Akatazama juu, jua lilikuwa limeshapanda juu ya vilima, akanigeukia kwa uso ule ule wa bibi yangu.

"Scovia," akasema, "unataka ng'ombe wangu wapotee?"